Kadi za Idi Zenye Muhuri wa Mugumu

Selina, na ninyi wengine wa meza ya kuchambulia barua, mmeniuliza weee mpaka nimechoka. Kila nikiingia kazini mtu ananivuta kanga: ehe, ikawaje? Nikianza kusimulia, mfuko wa barua unatupwa mezani, habari inakatikia njiani, halafu kesho yake nasikia imeshageuzwa huko sokoni. Sasa nimeandika. Someni kwa zamu na msinisumbue tena. Mambo ya likizo na tiketi nayaruka, hayana utamu.

Kondoa mpaka Tarime

Mdogo wangu Idi wengi wenu mnamjua kwa mwandiko tu, ule wa herufi zilizonyooka. Aliondoka Kondoa wakati ule kila kijana asiye na kazi alikuwa haongei kingine ila dhahabu, utadhani inaokotwa barabarani kama kokoto. Akaenda Nyamongo, kijiji cha Kerende, kuchimba. Tangu hapo ni postikadi. Kiboko, simba, nyumbu, na nyuma yake maneno yaleyale: Mama, mimi mzima, niko Kerende, tunaendelea kuchimba, nisalimie dada. Mama hajui kusoma. Namsomea mimi, na hataki mwingine amsomee, maana anasema ya nyumbani kwake si ya kutangaziwa majirani.

Mimi sikuwa nasoma maneno peke yake. Miaka kumi na tisa nashika barua za watu, muhuri wa posta naujua kama ninyi mnavyojua sura za waume zenu. Kadi nne za kwanza zilikuwa na muhuri wa Tarime. Sawa, Kerende iko wilaya ya Tarime. Baada ya hapo muhuri ukawa wa Mugumu, kadi saba mfululizo. Mugumu ni wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya mto Mara! Mtu anasema yuko Kerende na muhuri unasema Mugumu. Halafu kadi zilikuwa zinakuja kila mwezi, mara zikawa kila baada ya miezi miwili, mara mitatu. Nikajisemea, huyu dhahabu ameshaiacha, amepata mwanamke Mugumu, ametusahau, na anatudanganya kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa na hakika kabisa. Wewe Selina ni shahidi, nilikuonyesha ile mihuri na ukasema kweli.

Masika haya presha ya mama ikapanda mara mbili, mmemwona wenyewe. Mara ya pili akanishika mkono akasema, "Niletee Idi. Kadi zimenitosha. Nataka nimwone kwa macho yangu." Nikamwapia kuwa nitamleta hata kwa kumvuta sikio. Nikazitia kadi zake zote kumi na moja kwenye bahasha, ili nimtupie usoni moja moja akianza kukana.

Mpaka Mwanza sina la kusema, ila miguu ilivimba. Tulipoipita Musoma basi likaharibika mahali hapana hata kibanda, tukakaa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mama mmoja wa hukohuko akafungua kikapu chake akanipa samaki wa kukaanga na viazi vitamu, hata jina hakuniuliza. Kufika stendi ya Tarime nikashtuka: wanaume wawili wanazungumza kwa ukali, mikono hewani, nikajibanza ukutani nikijua sasa zinapigwa. Kumbe wanasalimiana! Yule mama wa samaki alicheka mpaka akashika mbavu. "Hapa ndivyo tunavyoongea, mwanangu. Tukinyamaza ndiyo ukimbie."

Karibu na stendi palikuwa na duka la madaftari. Ndani nikaziona kadi zilezile za wanyama zimetundikwa kwa vibanio. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikenya, aliolewa upande huu. Nikamwuliza kama anamkumbuka kijana wa Kondoa mwenye mwandiko mzuri.

"Mwandiko mimi siwezi jua," akasema. "Hao watu wa migodi wanakujanga kikundi, wananunua kadi mingi mara moja, kila mtu fungu yake. Wewe unataka ya simba ama ya twiga?"

Kingekuwa na akili kichwa changu, ningesimama palepale nikamwuliza mtu mmoja ananunulia nini kadi fungu zima. Lakini mimi nilikuwa nimeshafunga kesi na hukumu nimeshatoa. Nikaaga nikaenda zangu.

Tarime mpaka Kerende

Nilipanda Land Rover iliyopeleka mafuta ya taa na masufuria. Jirani yangu garini akaniuliza kazi yangu, nami kwa ujinga nikamjibu kwa sauti, "Mimi ni mtu wa posta." Habari ikafika Kerende kabla yangu, sijui kwa miguu gani. Nashuka tu, nakuta watu wamejipanga mstari. Jamani! Mmoja anauliza barua yake ya Shinyanga ilipotelea wapi, mwingine anataka nimpe hawala yake ya fedha hapohapo, bibi mmoja ananikabidhi bahasha bila anwani: "Ya mwanangu, yuko Dasalamu, anauza maji." Nikawaeleza kuwa mimi ni wa posta ya mbali, nimekuja kwa shida zangu. Hakuna aliyesikia. Niliondoka na barua za watu mkobani, na nimezituma zote isipokuwa ile ya muuza maji.

Kijiji chenyewe ni mashamba ya mihogo na mtama, kisha ghafla ardhi imetobolewa. Mashimo, mashimo, mashimo, mengine mdomo wake hauzidi mlango wa choo, na marundo ya mawe pembeni. Shimo la namna hiyo wao huliita duara. Nikauliza Idi wa Kondoa yuko wapi. Watu wakatazamana, wakanipeleka kwa mtu mmoja aitwaye Mwita, anauza chai na maandazi pembeni mwa gulio. Alikuwa anachechemea. Nikamtajia jina la mdogo wangu, naye akaweka birika chini.

"Wewe ni nani yake?"

"Dada yake. Mwambie atoke alikojificha."

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Yuko wapi?"

"Dada, pole," akasema Mwita. "Hamkupata habari? Baruti ililipuka ndani ya duara letu kabla ya wakati wake. Mimi mguu ndio huu. Chacha alikufa. Idi tulimpakia kwenye gari hajitambui, damu usoni kote, akapelekwa hospitali. Hatukumwona tena. Sisi hapa tulishamlilia, mwaka wa pili huu."

Nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka, tena kicheko cha dharau. Nikatoa bahasha, nikamwaga kadi kwenye meza yake ya maandazi. "Marehemu gani anaandika? Hii imefika majuzi tu! Soma!"

Mwita akazitazama moja moja. Ndipo akanieleza jambo ambalo huko kila mtu analijua, ila mimi mwenye miaka kumi na tisa ya mihuri sikulijua. Watu wakianza duara jipya hula kiapo: hakuna kutoka mpaka litoe dhahabu. Ukienda nyumbani hata kwa msiba, nafasi yako inachukuliwa na mwingine. Na hawataki ndugu waje kuwatafuta, wanasema mgeni wa nyumbani akichungulia ndani ya duara, dhahabu inazama. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kundi zima huenda Tarime kwa siku moja. Wananunua kadi, wananunua stempu, wanakaa kwenye hoteli wanaandika kadi za miezi yote inayokuja. Asiyejua kuandika anaandikiwa na mwenzake. Kisha wanazifunga fungu fungu na kumwachia mtu mwaminifu azitume moja moja, nyumbani wajue kijana wao ni mzima.

"Zote hizi aliziandika siku moja, dada. Mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja, na zangu aliniandikia yeye. Tuliziita kadi za duara."

Sikumwamini. Au nilimwamini. Nikazigeuza kadi zote, safari hii sikutazama mihuri, nikatazama stempu. Zilikuwa stempu za vipepeo. Kaunta yetu ziliisha zamani, mnakumbuka, na mimi nilikuwa nikijisemea kuwa posta za mbali hukaa na akiba ya kale. Nikasogeza kadi ya kwanza karibu na ya pili. Mnajua meno ya stempu yanavyochanika, hapa jino refu, pale fupi. Meno ya ile yakaingia kwenye mapengo ya hii. Nikasogeza ya tatu, ikaingia. Ya nne, ya tano. Kona moja ilichanika vibaya, kipande chake kimebaki kwenye jirani yake. Kumi na moja zote zikakaa pamoja juu ya meza ya maandazi: karatasi moja ya stempu, imenunuliwa siku moja na mtu mmoja.

Tena hapakuwa na tarehe hata moja kwenye maandishi! Idi, ambaye tangu shule anaandika tarehe hata kwenye karatasi ya kumwomba mtu chumvi! Miaka miwili nimemsomea mama maneno ya siku moja. Nilikaa chini pale kwenye vumbi la mawe. Mwita alinipa chai, sikumbuki kama niliinywa.

Baadaye akili iliporudi kidogo nikamwuliza, "Basi anayezituma ni nani?"

"Tulimwachia fundi Shomari, mshona nguo. Alikuwa na cherehani yake hapa gulioni. Watu walipopungua akarudi kwake Mugumu na mafungu yetu."

Kumbe muhuri wa Mugumu ulikuwa wa fundi cherehani. Mwanamke niliyemtukana moyoni miaka miwili hakuwepo.

Kerende mpaka Mugumu

Safari hii niliifanya kwenye lori la magunia ya mtama, nimekaa mbele na dereva, bahasha mapajani. Sikulia. Nilikuwa najaribu kupanga nitamwambia nini mama, na kila nikianza sentensi inanikimbia. Tukavuka mto Mara, tukaingia Serengeti, na kufika Nyansurura gurudumu likapasuka. La akiba nalo bovu. Dereva akachukua lile bovu akaenda nalo kuzibwa, akaniambia "nakuja sasa hivi," akarudi baada ya saa nne.

Nikaingia kwenye mji mmoja, huko boma la mtu huliita mji, karibu na barabara kuomba maji. Bibi kizee, mwembamba, sauti nzito, akanitazama akasema maji hayamtoi mtu uso wa namna ile. Akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu na ugali mweusi wa ulezi na mihogo, wao wanauita obhokima. Nikamwambia sina njaa. "Kula," akasema. Nikala. Ukutani zilining'inia kamba mpya za katani, za kufungia ng'ombe wa kulimia, nzuri sana, zimesokotwa sawasawa. Nilizisifu kwa adabu tu. Akasema zinasokotwa hapohapo, msokotaji ameenda mtoni kuoga. Nikasema ahaa. Nikashukuru, nikapanda lori, nikaenda zangu. Mnaona? Nikikumbuka hapo mpaka leo natamani kujipiga kofi.

Duka la fundi Shomari lilikuwa karibu na msikiti. Mzee mwenye kofia iliyopauka, asili yake pwani, lakini kakaa Mugumu mpaka kawa wa hukohuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Unashona au unapunguza?"

Nikazipanga kadi juu ya cherehani yake. Akavaa miwani, akatazama zile picha peke yake. "Huyu kiboko nilimtuma mimi. Nyumbu huyu pia. Na simba. Kumbe zinafika! Alhamdulillahi."

Hapo nilipasuka. "Mzee mzima hata haya huna? Unamtumia mama kadi za maiti wake miaka miwili, mwenzio anafurahi, anazibusu!"

"Maiti gani?"

"Idi!"

"Idi wa Kondoa?" Mzee akavua miwani. "Mwanangu, Idi alikuwa hapa sikukuu. Alikaa hapo ulipo, tukala pilau."

Mtume! Kulikuwa na mtumba wa vitambaa nyuma yangu, nikaukalia. Nilicheka na kulia kwa pamoja, mpaka mke wa mzee akatoka ndani kutazama nani kafa. Nikamwuliza yuko vipi, mzima? Mzee akazungusha gurudumu la cherehani bila kushona kitu.

"Utamwona mwenyewe. Ya kwake si yangu kuyasema."

"Na hizi kadi, hukuona kuwa zote ni maneno yaleyale? Hukusoma?"

Alichukia kweli. "Nisome barua ya mtu? Mimi?"

"Lakini ni kadi, mzee! Maandishi yako wazi!"

"Yako wazi kwa mama yake. Mimi nimeachiwa nitume, sikuachiwa nisome. Naziweka picha juu, maandishi chini, hivyo tangu siku ya kwanza. Idi akiniletea salamu kuwa nitume, natoa ya juu, natia sandukuni. Zimebaki kidogo, ndiyo maana siku hizi ananiambia nikawize. Jumatatu nimetuma moja." Akafungua mtoto wa meza akatoa kadi iliyobaki, yenye picha ya chui. "Hii ndiyo ya mwisho kabisa. Hii alinikataza, nisiitume mpaka aseme yeye mwenyewe. Nimeilinda sana. Nilipohama duka nikakuta panya wamekata uzi, kadi zimemwagika, nikazifunga upya vizuri. Mpelekee mwenyewe."

Nikaisoma palepale mbele yake, naye akageuza uso upande. Mama, mimi mzima, tunaendelea kuchimba. Kadi kama nyingine. Sikuona cha kulindwa hapo. Nikaitia kwenye bahasha.

"Nimpate wapi?"

"Shuka Nyansurura. Uliza kwa Bibi Bhoke, kwa msokota kamba."

Kurudi Nyansurura

Kesho yake asubuhi nilishuka mahali palepale, mbele ya mji uleule. Hasira zote zilikuwa zimenirudia, kwa sababu sasa nilijua ni mzima. Nikamwona toka barabarani, amekaa kwenye kivuli cha ukuta, katani imezunguka dole gumba la mguu, mikono inasokota. Idi wangu. Nikapiga kelele, "Idi! We mtoto huna haya! Mama anakufa huko na wewe umekaa unasokota kamba!"

Akainuka haraka. Akageuka kunitazama, lakini hakunitazama mimi. Alilitazama zizi la ng'ombe.

"Dada? Dada Zaituni? Uko wapi?"

Nilimfikia nikamshika uso kwa mikono miwili. Macho yalikuwepo, yamefunguka, meupe kama ya samaki aliyepikwa. Kwenye shavu na paji alama za baruti, nyeusi, nyingi. Nilipiga ukunga, ng'ombe wakashtuka zizini.

Bibi Bhoke alitoka na mwiko mkononi. "Wewe si yule wa jana? Basi ni wewe dada yake! Nikaacha ukaenda!" Akajipiga paja. Nikamwuliza amemtoa wapi mdogo wangu. Akanijibu kwa kifupi, kama mtu anayesema alivyotoka sokoni.

"Chacha alikuwa mwanangu. Nilienda hospitali kumchukua, nikapewa maiti. Kitanda cha pili alikuwa huyu, anaita mama, mama, na hana mtu. Nikawachukua wote wawili."

Tulikaa chini. Idi alinishika mkono hakuuachia, lakini nilipomwambia funga mizigo twende, akakataa. Kwa upole, kabisa, akakataa.

"Mama ana mtoto anayechimba dhahabu Kerende. Mwachie huyo. Akiniona hivi, presha itamuua."

"Na kadi zikiisha?"

"Zikiisha atajua nimekufa. Atalia, atanyamaza. Ni afadhali."

Afadhali! Nilimpiga kofi la bega. Nikamwambia mtu anayemfikiria mama yake hivyo ni baruti imemwingia mpaka ubongoni. Hakukasirika. Akauliza tu kama nimepitia kwa fundi, na kama ile kadi ya mwisho bado iko salama.

"Ninayo hapa."

Akashusha pumzi. "Ichane, dada. Hiyo ndiyo ya kurudi. Kila mtu aliandika moja ya kutuma duara likitoa. Inasema nimepata, narudi nyumbani, anisubiri."

Nikaitoa kwenye bahasha, nikaitazama tena. "Idi, hii haisemi hivyo. Hii inasema tunaendelea kuchimba."

"Isome tena."

Nikamsomea neno kwa neno. Akaipapasa kadi. "Ina picha gani?"

"Chui."

"Ya kurudi ni twiga," akasema. "Twiga yuko wapi?"

Ndipo nikakumbuka panya, uzi, mzee Shomari na uaminifu wake wa kutosoma. Twiga alitumwa Jumatatu. Nikahesabu siku za mifuko ya barua, Mugumu, Musoma, Mwanza, kuja kwetu: atafika kabla yetu, hata tungeondoka saa ileile. Idi akanishika magoti.

"Dada, wewe ndiye unayemsomea. Msomee maneno mengine. Mwambie nimeandika salamu tu. Nakuomba."

Wenzangu, ilikuwa rahisi kiasi gani! Mama hajui a wala be. Lakini miaka miwili nimemsomea uongo bila kujua, nisingeweza kuanza kumsomea nikijua.

"Kadi ya mama nitaisoma kama ilivyoandikwa," nikamwambia. "Inasema unarudi. Ukitaka isiwe uongo, inuka."

Hakuinuka. Aliyemwinua ni Bibi Bhoke. Alimshika kwapa akamsimamisha, akampangusa katani kwenye suruali, akasema, "Nenda, mura, nenda kijana. Wangu mimi hawezi kwenda." Kisha akaingia ndani na hakutoka tena kutuaga.

Nyansurura mpaka nyumbani

Njiani Idi alinibembeleza toka Musoma mpaka Singida. Alitaka siku moja. Siku moja tu mama amwone mtoto wake mzima, kesho yake tumwambie taratibu. Nyumba anaijua, anasema, mlango, kizingiti, kiti cha baba, hatajikwaa. Nilimwambia ni upuuzi. Kufika Mwanza nilikuwa nimeshamnunulia miwani myeusi. Msiniulize kwa nini. Mngemwona anavyofanya mazoezi ya kugeuza uso kwenye sauti, nanyi mngenunua.

Tuliingia Kondoa Ijumaa, jua la saa nne. Selina, wewe ulikuwa umeshampelekea mama ile kadi Jumatano, ukataka kumsomea, akakatalia, akasema mwenye kazi yake atarudi. Idi aliachia mkono wangu getini. Akatembea peke yake, sawasawa, akapanda kizingiti, akasema, "Shikamoo mama." Mama alitupa ungo wa mchele. Alimkumbatia, akamzungusha, akamnusa shingo, akauliza alama za usoni, akaambiwa ni mambo ya mgodini. Miwani? Jua la safari, mama. Idi akakaa kwenye kiti cha baba bila kupapasa. Mimi nimesimama mlangoni, nikaanza kuamini kuwa tutaweza.

Mama akaingia chumbani akarudi na kadi.

"Imekuja yako juzi. Nikasema sitaki kusomewa na mtu. Leo yuko mwenyewe, anisomee mwenyewe."

Akamtilia mkononi. Nilitaka kuruka kuichukua, nikachelewa. Idi akaipapasa ukingo kwa kidole, akaiinua mbele ya uso wake, akatabasamu. Akasoma kwa sauti yake ileile ya shuleni, bila kukosea neno:

"Mama, duara limetoa. Nimepata. Narudi nyumbani, nisubiri."

Mama alikuwa amesimama mbele yake, anaitazama picha.

"Idi."

"Naam mama."

"Mbona huyo twiga yuko miguu juu?"

Idi aliendelea kuishika kadi vilevile, juu chini, tabasamu bado liko mdomoni. Mama akanyoosha mkono akamvua miwani. Siku ya msiba wa baba mama hakupiga kelele, mnakumbuka watu walivyomsema. Ijumaa ile alipiga, majirani wote wakaja mbio, na Idi akawa anamtafuta hewani kwa mikono yote miwili.

"Lakini si nimerudi, mama? Si nimerudi?"